Mtu wa Ukutani

Mashine iliamka yenyewe. Ndivyo walivyosema wote waliokuwemo karakana, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshazunguka kambi nzima ya mkonge, imevuka reli, imeingia Korogwe sokoni: mashine mpya ya Mgiriki imeamka yenyewe, imekula mkono wa Simeo.

Mhina alikuwepo pale pale, patasi mkononi. Aliona kila kitu na hakuelewa kitu. Ilianza na umeme. Pale shambani umeme wa karakana ulitoka kwenye injini ya korona, ule mtambo mkubwa unaosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Majani yakikwama, injini inazimika, na kila kitu kinazimika nayo. Jambo la kila siku hilo. Watu wanafuta jasho, wanatema mate nje, wanangoja.

Simeo alikuwa akipiga msasa meza ndefu ya mvule. Si kwa mkono kama zamani. Ni kwa ile mashine iliyoletwa na lori kutoka Tanga, ya kushikwa kwa mikono miwili, nzito kama mtoto anayekataa kubebwa, na tumboni mwake mna mkanda wa msasa unaokimbia juu ya magurudumu mawili. Umeme ulipokatika mkanda ukasimama. Simeo akaona nafasi ndiyo hiyo, maana mkanda wenyewe ulikuwa umekwisha makali. Akailaza mashine chali juu ya meza, akapenyeza vidole chini ya mkanda autoe.

Kule nje injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

Wacha wee! Mkanda ulimvuta Simeo vidole mpaka kwenye gurudumu, mashine ikaruka kutoka mezani nzima nzima, ikapiga sakafu, ikakimbia inaburuta waya wake kama kitu chenye miguu. Mzee Yordani, fundi mkubwa kuliko wote pale kwa umri, aliruka nje kupitia dirishani. Mhina alisimama tu, kama kapigiliwa misumari. Aliyeikomesha ni nyapara Matayo, aliyekuja mbio kutoka kibanda cha chai, kikombe bado mkononi, akachomoa waya ukutani.

Halafu akaja Bwana Miwani, meneja wa shamba. Jina lake la Kigiriki lilikuwa refu mno, hakuna aliyehangaika nalo. Hakuitazama damu sana. Alitazama mashine, akatazama meza.

"Huyu iko lewa," alisema.

Matayo akaweka kikombe chini. "Ndiyo, Bwana. Mimi mwenyewe nimenusa pombe."

Mhina akageuza shingo polepole. Simeo? Simeo mwimbishaji wa kanisani, ambaye hata kwenye harusi pombe huishika tu mkononi mpaka mwenye shughuli asahau?

"Mwenye shamba nakuja Jumamosi," alisema Bwana Miwani. "Nakula chakula juu ya meza hii. Mimi nataka ng'aa kama kioo. Nani nashika mashine kesho?"

Ghafla kila fundi akapata kitu cha kutazama sakafuni.

"Mhina," alisema Matayo.

*

Kota ya Mhina ilikuwa na bati juu na saruji chini, na kwa mtu aliyetoka Handeni akiwa na randa moja na mke mmoja, hiyo si nyumba ndogo. Chumba cha ndani kilikuwa na pazia la kanga mlangoni. Nyuma ya pazia amelala Chausiku, binti yao wa kwanza, na kichanga chake ubavuni. Aliletwa ajifungulie kwa mama yake, kama inavyokuwa kwa mimba ya kwanza, na arobaini yake ilikuwa bado. Mtoto hajatolewa nje hata kuonyeshwa jua.

"Nasikia kesho ni wewe," alisema Fatu, mkewe, kabla Mhina hajakaa.

"Umesikia wapi?"

"Bombani. Mwanamke hata simjui ananiambia, pole mama Chausiku. Pole ya nini? Ananitazama kama nimeshakaa eda!"

"Nitakataa."

"Ukikataa?"

Jibu lilibisha hodi lenyewe. Matayo alikuwa Msambaa wa Lutindi, amefundishwa useremala misheni, anavaa suruali na viatu hata Jumapili akiwa kwake. Aliinama mlangoni kwa adabu.

"Hodi hapa. Hujambo, shemeji."

"Sijambo, bwana nyapara. Karibu. Chai hatuna," alisema Fatu, "ila nasikia umeshakunywa."

Matayo akajifanya hakusikia. "Mhina, nimekuja kama ndugu. Fundi atakayekataa mashine anapewa panga, anakwenda kukata mkonge. Amesema Bwana hivyo, si mimi. Na kota hii ni ya fundi. Wakata mkonge wanakaa kule bondeni, unakujua."

Alikujua. Vibanda vya nyasi, mbu, mvua ikinyesha mnalala mmesimama.

"Binti yangu yumo ndani ya arobaini, Matayo. Nitamtoa nje na kichanga hivi hivi? Wakwe zake wanakuja kutoka Handeni kumwona mtoto. Waje wamkute kwenye tope?"

"Ndiyo maana nimekutaja wewe," alisema Matayo, taratibu kabisa, kama anayemfariji mtu. "Wengine wangeweza kukataa."

*

Zahanati ya shamba ilikuwa chumba kimoja na harufu ya dawa. Nje kwenye ngazi amekaa Hilaria, mke wa Simeo, kajifunika kanga mpaka kichwani.

"Ahaa, fundi mpya huyo," alisema. "Mwenzio hata damu haijakauka."

"Shemeji, nimekuja kumwona tu."

"Mwone. Na sisi utuone vizuri, maana Jumapili tunatolewa kwenye kota. Nyie mambo yakiwashinda mnapanda lori, mnarudi kwenu Handeni. Baba yake Simeo aliletwa hapa na kipande, ile kadi ya mkataba wa kazi, akafia hapa, kaburi lake liko nyuma ya korona. Sisi turudi wapi? Kaburini?"

Mhina akapita akiwa ameinamisha kichwa. Simeo alikuwa macho. Mkono wake wa kulia ulifungwa bandeji, ukawa mkubwa kama mtoto aliyeviringishwa nguo. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa ameshamwambia: nyama itarudi, lakini vidole havitakunjika tena.

"Pole, ndugu yangu."

"Wameniambia ni wewe."

"Ndiyo. Simeo, niambie. Ulipoilaza ile mashine, ulikuwa umeizima?"

"Umeme ulikuwa umekatika. Unazimaje kitu kilichokufa?"

"Swichi, nauliza swichi."

Simeo akatazama dari. Mhina aliona kabisa mawazo yakirudi nyuma, yakitafuta, yakifika.

"Kuna kitufe ubavuni," alisema mwishowe. "Ukikibonyeza, swichi inabaki imeshikwa hata ukiondoa kidole. Unapumzika. Nilikibonyeza asubuhi."

"Hukukifyatua."

"Sikukifyatua." Akafumba macho. "Kumbe ni mimi."

"Na waya? Mbona hukuchomoa?"

"Na wewe Mhina! Nani anagusa ukutani pale? Amesemaje Matayo? Tundu la umeme la Bwana halichomolewi hovyo, litaharibika, ni yeye peke yake. Naye alikuwa wapi?"

Wote wawili walijua alikuwa wapi.

Basi haikuwa jini. Mhina alitoka nyumbani akiwa na matumaini kwamba angalau ni jini, maana jini lina waganga wake. Sasa akaona kitu kibaya zaidi: injini inayozimika na kuwaka ipendavyo, na waya ambao anayeruhusiwa kuuchomoa anapenda chai.

"Usinitazame hivyo," alisema Simeo. "Ningekuwa na mkono ningekupiga nao."

Mhina alipofika mlangoni akasikia sauti nyuma yake, ya chini, ya mtu asiyetaka kusema lakini anasema.

"Mkanda una mshale kwa ndani. Uelekee unakozunguka. Ukiuvisha kinyume unakatika kwenye kiungo, unakupiga usoni. Hawatakwambia."

*

Asubuhi Fatu alimfunga hirizi. Ilikuwa ya ngozi, ndogo, ya babu yake Mhina kule Handeni, imefungiwa kamba nyeusi ndefu. Akaizungusha kamba mkono wa kulia, akakaza fundo kwa meno, ncha akaziacha zinaning'inia.

"Hii usiivue. Hata akikwambia nani."

"Siivui."

"Niapie."

"Fatu, siivui!"

Karakana nzima ilikuwa inamngoja. Hakuna aliyefanya kazi, kila mtu anashikashika tu kifaa. Na aibu ya kwanza ikaja papo hapo, maana Matayo alimtazama msuli wake kiunoni akatikisa kichwa. Nguo inayopepea haikaribii mkanda. Vua. Mhina akauliza avae nini. Matayo akaonyesha msumari ukutani, na kwenye msumari inaning'inia kaptura ya kazi ya Simeo, ina tone la damu kwenye mfuko. Mtu mzima, baba wa binti aliyezaa, akajificha nyuma ya mbao akavaa kaptura ya mwenzake. Alipotoka, kuna aliyecheka.

"Jaribu kwanza kwenye ubao huu," alisema Matayo.

Mhina akaulaza ubao sakafuni, akaukanyaga kwa mguu wa kushoto, vidole vya mguu vimeushika ukingo barabara. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Handeni, mguu ndio mkono wa tatu wa seremala. Maishani mwake hakuna ubao uliowahi kumponyoka.

"Toa mguu!" Matayo alipiga kelele mpaka mwenyewe akashtuka. "Hiyo si randa, wee Mzigua! Inavuta. Itautupa ubao, halafu itapanda juu ya huo mguu. Funga kwenye jiliwa."

Akaubana ubao katikati ya meno ya jiliwa, akakaza mpaka mti ukalia. Kisha, waya ukiwa bado haujachomekwa, akafanya kila kitu polepole kama mtu anayemvisha maiti. Alivisha mkanda mpya, akautafuta mshale, akauona, akauelekeza. Akakaza. Akafyatua kile kitufe cha ubavuni, akabonyeza na kuachia swichi mara kadhaa. Haikuwa inarudi vizuri. Tangu ilipopiga sakafu jana ilikuwa inanatanata, mara inaruka, mara inabaki ndani.

"Matayo, swichi hii."

"Ndiyo hiyo hiyo iliyopo. Ya Tanga haiji kabla ya Jumamosi. Na hiyo kamba mkononi vua."

"Hii haivuliwi."

"Mambo ya porini haya..."

"Nimesema haivuliwi!"

Matayo akainua mabega, akachomeka waya. Mhina akapitisha waya juu ya bega usije ukaingia chini ya mkanda, akafunga pua kwa kitambaa, akainua mashine hewani bila kugusa mti, akabonyeza. Ikanguruma. Mikono ikatetemeka mpaka mabegani. Mkanda ulianza kusogea upande mmoja, unataka kutoka, akapeleka mkono wa kulia kwenye ile skrubu ya pembeni ya kuunyoosha, akazungusha kidogo, kidogo tena.

Ncha ya kamba ikagusa mkanda.

Hakuona. Alihisi tu mkono wake unavutwa, kwa nguvu, kama umeshikwa na mtu mwenye hasira. Moto ukapita kwenye ngozi. Halafu kamba ikakatika, pa! na hirizi ikaruka ikapiga bati la paa, ikaanguka kwenye maranda. Mhina akaachia swichi. Ikanata. Akaipiga kwa dole gumba, ikatoka, mkanda ukapungua, ukapungua, ukasimama. Hapo ndipo alipoishusha mashine mezani.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Yordani alikwenda akaokota hirizi, akaipuliza vumbi, akamtilia mfukoni mwa kaptura.

*

Alipoigeukia meza yenyewe mkono wake ulikuwa hauna hirizi, na jasho limemjaa machoni. Lakini mkono una akili yake. Kidogo kidogo akajua kwamba mashine haitaki kukandamizwa, uzito wake unatosha, wewe kazi yako kuitembeza tu, mbele na nyuma, isisimame mahali pamoja hata kidogo, maana ikisimama inachimba. Mvule ukaanza kutoka chini ya uchafu wake, mwekundu, una mistari kama maji ya mto. Pasipo kutaka, Mhina akaanza kuipenda kazi.

Ndipo injini ilipozimika.

Kimya kikaingia karakana kama mtu. Mhina akafyatua swichi kwa dole gumba. Akailaza mashine kwa ubavu, mkanda usiguse kitu. Matayo? Hayupo. Mkanda ulikuwa umekwisha, umelainika kama ngozi, na kuvisha mwingine ni lazima. Mafundi wakamtazama yeye, wakatazama waya pale ukutani, wakatazama mlango.

Mhina akaketi sakafuni. Akaingiza mikono yake katikati ya mapaja, akaibana.

"Mhina, ndiyo nini sasa?" alinong'ona Mzee Yordani, ambaye tayari mguu mmoja ulikuwa nje ya dirisha.

"Nangoja."

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

Na mashine ikaamka. Pale pale mezani, imelala ubavu, hakuna mkono uliokaribia, mkanda ukaanza kukimbia peke yake. Swichi alikuwa ameifyatua. Mungu shahidi alikuwa ameifyatua, lakini ilikuwa imenata kwa ndani. Mtambo ukaanza kuzunguka juu ya meza, ukikwaruza, ukitafuta ukingo. Mzee Yordani akamalizia safari yake ya dirishani. Na mlangoni, mikono kiunoni, amesimama Bwana Miwani.

Matayo alitokea nyuma yake anahema. Akampita, akakimbilia ukutani, akachomoa. Mkanda ukafa.

"Kwa nini naketi?" Bwana Miwani aliuliza. Hakuuliza kuhusu mashine. Alikuwa ameiona kwa macho yake mawili na miwani juu, na hakuuliza.

Mhina akasimama. Alimwona Chausiku nyuma ya pazia kana kwamba pazia liko hapo hapo. "Meza itakwisha Jumamosi, Bwana. Lakini nataka mtu ukutani."

"Mtu gani?"

"Wa kuchomeka na kuchomoa. Mimi nikisema chomoa, anachomoa. Asiwe na kazi nyingine. Asitoke hata kwa chai."

Nyuma ya mbao kuna aliyeguna puani kwa kuzuia kicheko. Matayo akatazama viatu vyake.

"Nani?"

"Simeo."

"Simeo iko lewa."

Hapa sasa. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa Mhina, fupi, tayari. Akamtazama Matayo. Matayo naye alikuwa anamtazama, na paji lote la uso linatoka jasho. Mhina akalimeza neno lake.

"Mkono mmoja unamtosha, Bwana," alisema.

Matayo akadaka haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Ni kweli, Bwana. Kazi ya ukutani haitaki fundi. Hata yeye ataiweza."

Bwana Miwani akapitisha kiganja juu ya mvule, pale palipokwisha kung'aa. "Mshahara nusu," alisema. "Nyumba kaa. Meza Jumamosi."

*

"Iko wapi?" Fatu aliuliza. Hakumsalimu. Aliudaka mkono wa kulia, akaugeuza, akaona mstari mwekundu wa ngozi iliyoungua.

Mhina akaitoa mfukoni. "Imevutwa na mkanda."

"Unaona! Imekatika badala yako."

"Fatu, hii ndiyo iliyotaka kunitia humo ndani!"

"Wewe! Mtu karudi na vidole vyake vyote, halafu anamtukana aliyemrudisha."

Nyuma ya pazia Chausiku akacheka mpaka mtoto akaamka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu azae. Mhina akamwachia hirizi yake, maana alijua ugomvi huo hataushinda hata akipewa mwaka mzima.

Kwa Simeo hakukuwa na kicheko. Alikuwa amerudishwa kwake, amekaa kitandani na mkono juu ya mto. Alisikiliza mpaka mwisho: ukutani, mkono wa kushoto, nusu, nyumba mnabaki nayo.

"Umewaambia sikulewa?" aliuliza.

Mhina alitazama msalaba mdogo ukutani.

"Hukuwaambia."

"Simeo..."

"Umenikalisha ukutani kama kigogo cha kufungia ng'ombe, nusu mshahara, na mlevi juu yake."

"Nyumba tunayo," alisema Hilaria kutoka jikoni, akiwa amewapa mgongo. "Kesho utakwenda. Mimi kaburini sihamii."

*

Ijumaa Simeo alikwenda. Hakumsalimu mtu. Tundu la umeme lilikuwa kona ya ndani kabisa, na mbele yake limepangwa rundo la mbao za mvule refu kuliko mtu, kwa hiyo alipoketi kwenye kigoda chake hakuonekana. Ilibaki sauti tu.

"Chomeka!"

"Nimechomeka."

"Chomoa!"

"Nimechomoa."

Basi. Hakuna kingine, asubuhi nzima. Sauti kavu, kama ya karani anayeita majina. Na kila mara Mhina alikuwa anaacha mashine, anazunguka rundo la mbao, anakwenda kuutazama waya kwa macho yake ndipo anarudi kugusa mkanda. Simeo alikuwa anaushika waya juu kwa mkono wa kushoto, anamwonyesha, bila kumtazama usoni.

Mchana Fatu alileta chakula, na hakuja na chakula tu. Alipita moja kwa moja nyuma ya mbao.

"Shemeji Simeo, lete huo mkono mzima."

"Wa nini, mama Chausiku?"

"Mume wangu haruhusiwi kuvaa hirizi yake, eti inavutwa. Haya. Wewe uko mbali na mkanda na wewe ndiye umeshika roho yake. Utaivaa wewe."

"Mimi Mkristo! Nina rozari shingoni."

"Basi zitasaidiana."

Mafundi walikufa kwa kicheko, hata Mzee Yordani. Simeo peke yake hakucheka, lakini mkono aliutoa, na Fatu akakaza fundo kwa meno.

Alasiri Bwana Miwani aliingia kuitazama meza. Ilibaki kipande cha mwisho, upande atakapokaa mwenye shamba, na mkanda ukawa umekwisha tena. Matayo alisimama nyuma ya Bwana, kikombe mkononi. Injini ya korona ilikuwa inanguruma vizuri kuliko siku zote. Mhina akaachia swichi, ikanata, akaipiga, ikatoka. Au ilionekana imetoka. Akailaza mashine chali.

"Chomoa!"

Kimya.

"Simeo, umechomoa?"

Nyuma ya mbao hakuna kilichotikisika. Bwana Miwani akavuta saa kutoka mfukoni. "Fanya haraka."

"Mhina," ilisema sauti. Haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliisikia. "Siku ile nilikuwa nimelewa?"

Matayo akaacha kunywa. Bwana Miwani alikuwa bado anaitazama saa yake, lakini shingo ilikuwa imekaza, anasikiliza. Mhina aliwaza pazia la kanga. Aliwaza bondeni, mbu, wakwe kutoka Handeni wanaruka madimbwi kwa viatu vya kuazima. Akayatazama na yale magurudumu mawili, ambayo katikati yake angepaswa kupitisha vidole vyake hivi vyote.

"Hapana," alisema. Akaona halijafika. Akapaza sauti, akimtazama Matayo machoni. "Hukulewa! Ulikuwa mzima kama mimi nilivyo leo. Umeme ulikatika, na hapakuwa na mtu ukutani."

Chai ilimwagika kidogo kwenye kiatu cha Matayo. Bwana Miwani akageuka akamtazama nyapara wake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote pale, halafu akarudisha saa mfukoni. Hakusema samahani, hakusema mshahara, hakusema kitu.

"Nimechomoa," ilisema sauti nyuma ya mbao.

Ilikuwa hatua chache tu kulizunguka lile rundo. Mafundi wote walisubiri Mhina aende akatazame, kama alivyofanya tangu asubuhi. Hakwenda. Alipangusa viganja kwenye kaptura ya Simeo, akalegeza mkanda, akaingiza vidole ndani, vyote, mpaka kwenye gurudumu. Injini inanguruma. Akauvuta mkanda wa zamani, akautupa. Akachukua mpya.

"Mhina."

"Naam."

"Mshale. Umeutazama?"

Mhina akaugeuza mkanda kwenye mwanga wa mlango, akautafuta. Alikuwa ameushika kinyume.